Lebo ya korosho iliyochorwa na akili mnemba: huduma ya steshenari Mtwara mjini

Unaeleza unachotaka, kijana wa steshenari anayaandika maelezo yako kwenye programu ya akili mnemba, na kabla hujamaliza soda kuna picha nne za kuchagua. Kazi inayopimwa hapa ni lebo ya pakiti ya korosho za kukaanga, sentimita 10 kwa 12. Kwa wepesi, hawana mpinzani. Kwa korosho yenyewe, ngoja kwanza.

Picha ya kwanza ina korosho nyeupe, iliyokwishabanguliwa, inaning'inia mtini! Ya pili imeiweka korosho juu ya bibo (tunda la mkorosho) kama kofia. Mtoto yeyote wa Newala anajua kwamba korosho hukaa chini ya bibo, kwa nje, ikiwa na ganda lake la kijivu. Programu hizi hujifunza kutokana na picha zenye maelezo, kisha huanza na chengachenga kama za televisheni isiyoshika chaneli, na kuzisafisha hatua kwa hatua kuelekea kile ambacho maneno yako hufanana nacho zaidi. Picha za korosho zilizojaa mtandaoni ni za kwenye sahani, kwa hiyo sahani inaushinda mkorosho. Usiseme "korosho nzuri za Mtwara". Sema: "bibo jekundu tawini, chini yake kwa nje korosho moja yenye ganda la kijivu". Bora zaidi, peleka picha ya shambani, na ukiituma kwa WhatsApp itume kama faili, maana ikienda kama picha inabanwa na kupoteza ubora.

Pambo la pembeni ndilo linaloonyesha mpaka wa ubunifu wa mashine. Ukiomba kinyago cha Kimakonde unaletewa sura ya Afrika yote kwa mkupuo. Ukiomba kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana, watu wanapangwa kama matofali, wakati mchongaji huwatoa wote katika gogo moja la mpingo, huyu kambeba yule. Margaret Boden, mwanafalsafa wa Uingereza, aliugawa ubunifu mara tatu: kuunganisha vilivyopo, kutalii ndani ya mtindo, na kuugeuza mtindo wenyewe. La kwanza mashine inaliweza sana; bibo na mawimbi ya bahari katika lebo hii vimekaa vizuri kweli. La tatu ni la akina Samaki Likankoa, mchongaji anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani (vinyago vya mizimu yenye maumbo ya ajabu) miaka ya 1950, na hapa halikuonekana hata kwa mbali. Ukipeleka picha ya kinyago ili iigwe, pambo linanyooka, ila mwenye kinyago aombwe ruhusa na alipwe chake.

Maandishi yasichorwe na mashine kabisa. Inachora herufi kama maumbo, ndiyo maana "KOROSHO" ilitoka "KOROHSO". Jina, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi vichapwe juu ya picha kwa programu ya kawaida. Msimbopau (barcode) uliochorwa hausomeki dukani. Wa kweli una tarakimu 13, na zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika la misimbopau, huanza na 620. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ikijitokeza yenyewe, ifutwe. Hiyo huombewa leseni.

Kuna na suala la ukubwa. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatosha sentimita 8.7 tu. Lebo hii inahitaji 1181 kwa 1417, bila kuhesabu milimita 3 za kukatia kila upande. Steshenari iliivuta tu, na kingo za bibo zikafifia. Wekundu nao hupooza karatasini, kwa kuwa kioo hutoa mwanga na printa hutumia wino.

Kwa rasimu, nyota nne. Kwa lebo ya kupeleka sokoni, mbili, na zote mbili ni za kijana wa kwenye kibodi, aliyekubali kurudia mara sita bila kununa. Kabla ya kulipia zote, chapisha moja, ibandike kwenye pakiti yenye korosho na uiache mpaka kesho: mafuta hupenya stika ya karatasi, na wino wa maji huchuruzika kwa jasho la mkono.