Umechoka na 700D? Kamera za kununua Nairobi, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Canon 700D ya mwaka 2013 au Nikon D3200 ya 2012 bado inapiga picha nzuri. Mpeleke bibi harusi Arboretum asubuhi, msimamishe kwenye kivuli cha mti, na hakuna mteja atakayekuuliza kamera yako ina umri gani. Shida inaanza mkiingia ukumbini. Taa za njano juu, taa za rangi jukwaani, wazee wamekaa dirisha likiwa nyuma yao, na MC anawaita wakate keki upesi.

Hapo ndipo kamera ya umri huo huishiwa nguvu. 700D ina nukta 9 tu za kufokasi. ISO yake ya kawaida, yaani kiwango cha kukuza mwanga, inakomea 12800, lakini ukishapita 3200 chembe za rangi zinaanza kuonekana, na huwa zinajaa kwanza kwenye sehemu za giza. Kwa wateja wetu sehemu hiyo ya giza mara nyingi ni uso wenyewe. Ngozi nyeusi ikipigwa kwa mwanga hafifu na kamera iliyochoka hutoka na rangi ya majivu, na hakuna kuhariri kutakakoirudisha vizuri. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kuangalia mambo mawili: kamera inafanyaje gizani, na inailinda vipi picha isiyoweza kurudiwa. Namlenga mtu anayelipwa kupiga ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), harusi, ibada na mahafali. Megapikseli zisikuzuzue; 20 zinatosha kuchapisha picha kubwa ya ukutani.

Kama bado unatumia ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, nafasi ya kwanza naipa lenzi. Ukiivuta hadi mwisho, 18-55 inafunguka f/5.6 tu, na namba hiyo ya f ikiwa ndogo ndivyo mwanga unavyoingia zaidi. Canon EF 50mm f/1.8 STM inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Picha uliyolazimika kuipiga kwa ISO 12800 sasa utaipiga kwa 1600 na bado utabaki na akiba kidogo. Hakuna kamera mpya ya bei ya kawaida itakayokupa hatua kubwa hivyo kwa pesa ndogo hivyo. Upungufu wake ni kwamba kwenye kihisi (sehemu inayonasa mwanga) kidogo cha APS-C, kama cha 700D, inaona kwa ufinyu, kama 80mm, kwa hiyo ukoo mzima hautaingia kwenye fremu ukiwa sebuleni Buruburu. Kwa picha hizo tumia 18-55 yako pamoja na flashi iliyoelekezwa juu. Hema jeupe linarudisha mwanga vizuri sana. Lenzi hiyo ya 50mm pia haitakwenda bure ukibadilisha kamera baadaye, kwa sababu Canon wana adapta ya EF-EOS R inayounganisha lenzi za zamani na kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, na fokasi inaendelea kufanya kazi yenyewe.

Ukishakuwa na lenzi na kamera bado inakuangusha, nunua Canon R6 ya mtumba. Ni ile ya kwanza ninayoizungumzia, ya mwaka 2020, iliyoingia sokoni Marekani kwa dola 2,499 na ambayo bei yake imeshuka tangu mrithi wake atoke 2022. Ina kihisi kikubwa (full frame) cha megapikseli 20, na ina uwezo wa kutuliza mtikisiko ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo hata lenzi yako ya zamani isiyo na uwezo huo inafaidika. Fokasi yake inashika jicho na kulifuata hata mtu akicheza. Zaidi ya yote, ina nafasi mbili za kadi. Ukiiweka hivyo kwenye menyu, kila picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, na kadi moja ikifa, harusi ya watu haijapotea. Kwangu hilo lina uzito kuliko kasi ya picha 12 kwa sekunde. Ina udhaifu mmoja unaojulikana: ukirekodi video ya 4K mfululizo kwa muda mrefu inapata joto na kujizima. Kama kazi yako kubwa ni video za ibada ya saa mbili, iruke.

Jambo moja kabla hujalipa. Lenzi za EF-S, yaani 18-55 na 55-250 zilizokuja na kamera ndogo, hazifuniki kihisi kikubwa. R6 itakata picha yenyewe na utabaki na chini ya megapikseli 8. Kwa hiyo weka kwenye bajeti angalau lenzi moja ya EF ya kihisi kikubwa; 24-105mm f/4 ya mtumba inatosha kuanzia.

Ya tatu ni Canon R10 mpya, ya 2022, ukiifunga na lenzi ya Sigma 18-50mm f/2.8. Canon walikaa miaka mingi bila kuruhusu kampuni nyingine kutengeneza lenzi zinazofokasi zenyewe kwa kamera hizi, na mlango ulipofunguka 2024 hesabu za kamera ndogo za Canon zilibadilika kabisa. Lenzi hii ni nyepesi, inabaki f/2.8 kuanzia mwanzo hadi mwisho, na R10 inafuata macho vizuri kushinda kamera yoyote ya kioo ya kiwango cha 700D. Ina nafasi moja tu ya kadi, na hilo hasa ndilo linaloishusha chini ya R6. Kwa mwanafunzi anayeanza kulipwa, au mtu wa picha za bidhaa na za familia, ningeipa nafasi ya kwanza bila kusita.

Canon R8 ya 2023 naiweka ya nne, na najua wengi watabisha. Picha zake za gizani ni bora kuliko za R10, na video yake ya 4K ni safi sana. Lakini ina kadi moja, betri ndogo ya LP-E17, na haina cha kutuliza mtikisiko ndani. Kwa pesa yake unapata R6 iliyotumika yenye kadi mbili, betri kubwa na kituliza mtikisiko. Inunue kama unataka kitu kipya chenye waranti na kazi yako ni video zaidi.

Mwenye Nikon asihame haraka. Nikon Z5 ya 2020 ina kihisi kikubwa, kadi mbili na kituliza mtikisiko, na adapta ya FTZ itabeba lenzi zako za AF-S, zenye mota ya fokasi ndani yake. Zile za zamani za AF-D, zisizo na mota, zitashika lakini utafokasi kwa mkono. Bajeti ikibana zaidi kuna D750 ya 2014, kamera ya kioo yenye kadi mbili, mota ya fokasi ndani yake, na betri inayomaliza harusi nzima. Ningeichagua mbele ya Canon 6D, ambayo ina kadi moja na fokasi ya kizamani.

Sony a7 III ya 2018 ni kamera imara, na lenzi za kampuni nyingine kama Tamron 28-75mm f/2.8 zimeifanya ipendwe na wapiga video wengi wa jijini. Nimeiweka chini kwa sababu moja tu: ukitoka Canon au Nikon unaanza upya na lenzi zote. Kama una kamera moja na 18-55 peke yake, huna cha kupoteza, ipandishe hadi ilingane na R6.

Canon R50 ni ndogo, ina gramu 375 pamoja na betri, na inafaa sana kwa safari na video za mtandaoni. Kwa shughuli za kulipwa, hapana. Kiatu chake cha juu, pale unapofunga flashi, kina mguso wa mtindo mpya peke yake, na flashi nyingi ambazo watu wanazo tayari hazitawaka bila adapta ya AD-E1. Mtu wa wanyama, anayeingia Nairobi National Park alfajiri, aiangalie Canon R7 pamoja na lenzi ya RF 100-400mm. Kihisi chake kidogo kinaifanya lenzi hiyo ione kama 640mm, na megapikseli 32.5 zinakuachia nafasi ya kuikata picha ili simba aliyejilaza mbali aonekane karibu.

Ukienda dukani, kuanzia Moi Avenue hadi Kimathi Street, beba kadi yako na lenzi yako. Usivutiwe na kifurushi chenye begi, tripodi na lenzi mbili za f/5.6, pesa hiyo ni ya lenzi moja ya maana. Kwa kamera ya mtumba, piga picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16 uone vumbi kwenye kihisi. Uliza shata imepigwa mara ngapi: D750 imetengenezwa kuvumilia 150,000, 6D 100,000. Jaribu nafasi zote za kadi. Mulika lenzi kwa tochi ya simu utafute ukungu unaotambaa kama utando, hasa lenzi iliyokaa Pwani. Ukiona Sony ya bei nafuu ajabu, fungua menyu kwanza, maana nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake na hakuna pa kubadilisha.

Papo hapo dukani, weka video kwenye PAL (mfumo wa nchi zenye stima ya Hz 50) na shata kwenye 1/50 au 1/100, kwa sababu stima yetu ni ya Hz 50 na taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kisha washa shata ya kimya na upige chini ya taa za LED za duka. Ukiona mistari myeusi ikikata picha, utajua mapema kwamba kanisani utatumia shata ya kawaida. Muuzaji wa mtandaoni mkutane mahali penye watu, mchana, na M-Pesa itumwe kamera ikiwa mkononi mwako; usitume pesa ya kushikia. Dukani dai risiti ya kodi ya eTIMS yenye namba ya kamera na muda wa waranti ulioandikwa juu yake.