TAHADHARI: Canter zilizokatwa chesisi zinauzwa Dar kama magari halisi ya kubeba magari

Wakuu, habari zenu. Naandika kwa ajili ya vijana wanaojichanga kununua gari dogo la kubeba magari, yale tunayoita brekidauni, wapate kazi ya kuokota magari mabovu barabarani au kupeleka magari ya wateja mikoani kutoka bandarini. Hapa Dar kuna muuzaji mwenye yadi na madalali wake. Anauza Canter (malori madogo) za tani mbili zilizokatwa chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, na kurefushwa mtaani, huku akiapa kwamba zimeshuka melini zikiwa vile vile. Mwenzetu mmoja ameshalizwa, na hela iliyoliwa ni akiba yake, mkopo, na michango ya kaka zake.

Tangazo linavutia kweli. Bodi ya kuteleza ya haidroliki, winchi (mashine ya kuvuta gari kwa waya) mbele, taa za njano juu ya kabini, "haijaguswa, imetoka Japani hivyo hivyo". Rangi inang'aa mpaka uvunguni. Hiyo rangi ya uvunguni ndiyo ya kutilia shaka kwanza. Gari lililopiga kazi Japani zaidi ya miaka kumi halina sababu ya kuwa na chesisi nyeusi tii isiyo na doa. Aliyepaka pale ana kitu hataki ukione.

Mwenzetu alipolitumia kwa kazi za mjini, kubeba IST na Vitz, gari lilikuwa linakwenda tu. Mambo yalibadilika alipopakia Prado ya mteja kuelekea Morogoro. Kabla ya Chalinze usukani ulikuwa mwepesi mno, gari linayumba, na akikanyaga breki tairi za mbele zinateleza. Akasimama. Fundi alipoingia chini akakuta chesisi imepasuka pale ilipounganishwa, nyuma kidogo ya kabini, ufa umeshapanda hadi katikati ya reli, yaani chuma kirefu cha pembeni cha chesisi. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia na Prado ilishushwa salama. Lakini safari ile ile ingeweza kuwa ya Mbeya, na ufa ule ungeweza kufunguka Mlima Kitonga, basi la abiria likiwa nyuma yake.

Nieleze wanavyofanya, kwa sababu ukishajua huwezi kudanganywa kirahisi. Canter fupi ya tani mbili haizidi mita 4.7 kutoka bampa hadi mkia. Noah peke yake inakaribia mita 4.6. Sasa ukitoa nafasi ya kabini, hiyo Noah utaiweka wapi? Magari ya kazi hii yanayotengenezwa Japani hujengwa juu ya chesisi ndefu tangu mwanzo. Canter ndefu ni ghali, kwa hiyo jamaa wananunua fupi, wanaikata, wanachomelea kipande cha katikati, wanarefusha propela (mhimili unaopeleka nguvu ya injini tairi za nyuma), kisha wanapandisha bodi iliyoundwa gereji kwa mabati mazito. Pale pa kuungia wanasaga mpaka paonekane laini, wanapaka rangi, na juu yake wanafunga boksi la vifaa ili jicho lisifike.

Kurefusha chesisi kwenyewe si dhambi. Wapo mafundi wanaofanya kwa hesabu, wanaweka chuma cha kuimarisha ndani ya reli na kumwambia mteja wazi. Ninachokilalamikia ni kukata wima kwa mkato mmoja, kuchomelea juu juu, kisha kumwambia mnunuzi ni kazi ya kiwandani. Watengenezaji wa malori huwakataza waunda bodi kutoboa kingo za juu na za chini za reli za chesisi, maana ndizo zinazobeba mkazo mkubwa. Kwenye gari la mwenzetu kingo za juu zilikuwa na matundu ya boliti kila upande.

Halafu kuna uzito, na hapa ndipo vijana wengi wanaumia hata bila kutapeliwa. Malori ya Japani huandikwa mkiani uzito wa juu wa mzigo, herufi za Kijapani zikifuatiwa na tarakimu, kwa mfano 2000kg. Muuzaji huyu anafuta maandishi hayo. Ukikuta mkia umepakwa upya na maandishi hayapo, uliza kwa nini. Hizo kilo 2,000 zilihesabiwa gari likiwa na bodi ya awali. Ukiweka bodi ya chuma na winchi vilivyozidi bodi ya awali kwa kilo 600, mzigo uliobaki ni kilo 1,400. IST ina takriban tani moja, inapita. Noah inazidi. Prado inakaribia tani mbili, na Land Cruiser ya V8 inazidi tani mbili na nusu. Dalali anakwambia "inabeba yoyote", wakati gari liliundwa kubeba chini ya hapo.

Na mtu asikudanganye kwamba mradi linapita mizani pale Vigwaza basi liko salama. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2016, inalinda barabara. Ekseli moja ya tairi nne inaruhusiwa tani 10. Canter ndogo inaweza kuwa imezidiwa vibaya kuliko uwezo wake wa kiwandani na bado ikawa mbali na kiwango hicho.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata advansi, chukua futi ya mkanda. Omba nakala ya cheti cha kusafirisha gari nje kilichotolewa Japani. Kinaonyesha urefu, uzito wa gari tupu, uzito wa jumla na uzito wa juu wa mzigo. Cheti halisi hukabidhiwa wakati wa kutoa gari bandarini, lakini mwingizaji makini hakosi nakala. Pima gari kutoka bampa hadi mkia ulinganishe. Cheti kikisema sentimita 469 na futi ikasoma zaidi ya mita sita, ondoka zako. Angalia pia kadi ya gari ya TRA: aina ya bodi na uzito uliosajiliwa vilingane na unachokiona. Gari lililobadilishwa bodi bila kadi kurekebishwa litakusumbua kwa trafiki, na siku ya ajali bima wana sababu tayari ya kukukatalia.

Kisha lipande daraja la gereji, fundi awe wako, asiwe wa yadi. Apitishe mkono na tochi ndani ya reli, siyo nje tu, kwa sababu upande wa nje ndio wanaousaga uwe laini. Afungue boksi la vifaa. Atazame kama propela ina mchomeleo mpya na kama nyaya na mabomba ya breki yameungwaungwa. Bodi ya kiwandani huwa na kibati cha mtengenezaji wake, kama Tadano au Kyokuto, chenye namba. Nyingi pia zina miguu ya kuegemea nyuma, au jeki za kuinua pua ya gari, ili wakati wa kupakia mkia usizame na kunyanyua mbele. Ya mwenzetu haikuwa na mguu hata mmoja. Gari likipanda, tairi za mbele za Canter zilikuwa karibu kuacha ardhi.

Vifaa navyo vina uongo wake. Canter na Isuzu Elf nyingi za dizeli ni za volti 24, betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Yule muuzaji anafunga winchi ya volti 12, zile za magari ya porini, na kuchukua umeme kwenye betri moja. Betri hiyo inanyonywa, ya pili inachajiwa kupita kiasi, na mwisho zote mbili zinakufa. Taka winchi ya volti 24, au ya haidroliki inayotumia pampu ile ile ya bodi kupitia PTO, kifaa kwenye gia boksi kinachochukua nguvu ya injini kuendesha pampu. Ikiandikwa pauni 12,000, yaani karibu kilo 5,400, elewa ni nguvu ya mzunguko wa kwanza wa waya kwenye ngoma. Waya unavyojaa, nguvu inashuka. Kuhusu kufunga mzigo sina mengi: mikanda minne ya kukazia, kila tairi na wake, yenye lebo ya uzito inaohimili. Kamba za katani ziachie magunia.

Mkataba uandikwe kwa maneno yale yale ya tangazo: bodi ya kiwandani, chesisi haijakatwa wala kurefushwa. Usikubali sentensi ya "limeuzwa kama lilivyo". Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na bila maandishi utabaki na neno lako dhidi ya lake. Piga picha ya skrini ya tangazo mapema, kwa sababu mwenzetu alipokwenda kulalamika lilikuwa limeshafutwa. Matangazo ya kupotosha unaweza pia kuyapeleka Tume ya Ushindani, FCC.

Baada ya mvutano mrefu, muuzaji alilirudisha gari yadini na kurejesha sehemu tu ya fedha. Sasa sikilizeni: gari hilo hilo limerudi sokoni. Lilikuwa bluu, sasa ni jeupe lenye mstari mwekundu, na picha zimepigwa sehemu nyingine ili yadi isitambulike. Boksi la vifaa limehamishiwa upande wa kushoto, nyuma ya kabini, juu kabisa ya ule ufa, ambao wameuchomelea upya. Dalali akikuonyesha Canter ya namna hiyo, mwambie alifungue boksi hilo mbele yako kabla hamjazungumza bei.