Riwaya za maajabu kwa watoto wa miaka 9 mpaka 12: uzoefu wangu hapa Wete, Pemba

Wazazi wenzangu, kama una mtoto wa darasa la nne mpaka la saba anaesema hapendi kusoma, mie nakushauri umsomee wewe mwenyewe, kwa sauti, riwaya yenye safari na maajabu ndani yake, halafu ufunge kitabu pale penye moto. Kesho atakitafuta mwenyewe. Nimefanya hivi na mwanangu na watoto wa dada yangu, usiku wakisharudi chuoni (madrasa) na kula, na nataka niseme vitabu gani vimetushika na vipi vilitutoa usingizi kidogo tu.

Tulianza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert na mie naona kila nyumba ianzie hapo. Ni cha zamani na wala si kinene, lakini yaliyomo humo jamani! Liwali mwema, mji mzima unampenda, kumbe kila usiku anaingia chumbani na mjeledi anawapiga manyani wawili na huku moyo unamuuma. Kwanini? Sisemi. Mtoto mdogo wa dada yangu alikataa kulala mpaka ajue. Humo mna majini, mna mji mzima uliogeuka mawe, mna wivu wa ndugu kwa ndugu ambao watoto wanaufahamu vizuri sana mana wanauona kila siku kwenye kugombania sahani. Kiswahili chake ni kizito, sikatai, kuna kurasa nilikuwa nasimama kila mstari kufafanua, ila bibi yao alikuwa kajinyoosha chumba cha pili anasikiliza, na kila nikikwama na neno yeye analitoa kule kule ndani bila hata kuinuka. Mpaka mwisho akahamia mkekani na sisi.

Baada ya hapo tukasoma Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2015 (ndie huyo huyo alietafsiri Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah). Wasichana walicheka sana Alisi anavyorefuka na kufupika, wavulana wakawa wanauliza sasa huyu anakwenda wapi. Kizuri, ila kisome kipande kipande, usikifanye ndo safari kubwa.

Sasa kitabu chenyewe kilichotuteka ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, kilitoka 2011, na ni cha Kiingereza. Nilivyofanya nasoma aya moja kwa Kiingereza, halafu naisimulia kwa Kiswahili, na kila siku zikienda wananikatiza "mama usituambie tushafahamu". Mwenye hadithi ni Sunny, msichana wa miaka 12, kazaliwa Marekani na anaishi Aba, Nigeria, na ana ualbino, kwaiyo jua haliwezi na mpira anaoupenda anaucheza usiku tu. Halafu anagundua kuwa yeye ni miongoni mwa watu wenye uwezo usio wa kawaida, na yeye na wenzake watatu wanafundishwa na wakubwa ili wakakabiliane na mtu muovu anaeteka watoto. Kinachonipendeza mie zaidi ni pesa za watu hao, zinaitwa chittim. Huzipati kwa kuuza wala kuiba, ukijifunza kitu cha maana zinaanguka zenyewe miguuni kwako, vijiti vilivyopinda, na vya shaba vina thamani kuliko vya dhahabu. Siku moja mtoto wa dada yangu kapata hesabu ya sehemu iliyokuwa ikimsumbua, nikamuona anainama taratibu anatazama chini ya mkeka.

Mwanangu akaniuliza, yule mwenzao wa skuli anaekaa kivulini wakati wa mapumziko, na yeye anapenda mpira? Nikamwambia kamuulize. Nashukuru kitabu kilichomfanya aulize vile, mana kwetu watoto wenye ualbino wanasemwa mambo mengi ya ujinga na ya hatari, na huku wapo watoto wetu wanaosoma hadithi ambayo mtoto kama huyo ndie shujaa.

Najua suali litakalokuja, majirani washaniuliza: vitabu vya uchawi si vitawaharibia watoto imani? Ni suali la haki kabisa na mie nimelikalia. Kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza nilikaa nao nikawaeleza kuwa hii ni hadithi ya kubuni, kama zile za zimwi na za paukwa pakawa walizozisikia kwa bibi yao, na dini yetu inasema nini kuhusu uchawi wanaijua chuoni. Walifahamu haraka kuliko hao majirani. Lakini niwe mkweli, Akata Witch ina juju, yaani uchawi, kila sura na huyo muovu anaua watoto, kwaiyo wa miaka 9 naona asubiri, mpe wa 11 kwenda juu, na usome wewe kwanza. Nyumba isiyoridhia kabisa ibaki na Adili, na hadithi za Alfu Lela U Lela zipo kwa Kiswahili pia.

Saivi tupo kwenye Nevermoor cha Jessica Townsend, cha 2017. Msichana analaumiwa kwa kila balaa linalotokea mjini kwao, halafu anachukuliwa kwenda kuishi kwenye hoteli ambayo chumba chake kinajibadilisha chenyewe, na kuna paka mkubwa mno anaesema na ana ulimi mkali. Watoto wanampenda huyo paka kupita kiasi. Ni kinene, na ile sura ya Krismasi ilibidi nieleze mambo mengi, ila kinakwenda mbio.

Kuvipata ndo kazi. Vya Kiswahili naagizia Dar vinakuja na boti, vya Kiingereza mpaka ndugu aje safari au ununue cha kusoma kwenye simu. Akata ina muendelezo, Akata Warrior wa 2017 na Akata Woman wa 2022. Alienacho hicho cha pili hapa Pemba na anaweza kuniazima aniambie tafadhali, watoto wamenisakama na nitakirudisha kimefungwa jalada.