TAHADHARI: Thina iliyochakachuliwa imeniharibia milango minane

Mafundi wenzangu, hasa mnaopuliza laka (rangi angavu ya kung'arisha mbao) kwenye mbao pana, someni hii kabla hamjanunua thina, yaani kiyeyushi cha kulainishia laka, ya kupimiwa.

Nilikuwa na milango minane ya kabati, kila mmoja unanipita kwa urefu. Thina niliyoizoea iliniishia katikati ya kazi, nikampata muuzaji anayepima kutoka kwenye pipa lisilo na lebo. Akaniapia kwamba ni ile ile ya kiwandani. Nikajaribu kwenye kipande cha ubao, koti (tabaka la laka) moja jepesi, kikatoka safi. Nikaamini.

Koti la pili kwenye milango ndilo lililonitoa jasho. Laka ilipaswa kujilaza yenyewe ing'ae kama kioo, ikafanya vipele kama ganda la chungwa, kisha ukungu mweupe ukatanda katikati ya kila mlango. Nikapunguza presha ya kompresa, nikabadilisha nozeli, nikaiweka bunduki ya kupulizia sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ubao na kila pito likafunika nusu ya lililotangulia. Wapi!

Nilipompigia, muuzaji akasema mkono wangu ni mzito na hewa ina unyevu. Hilo la unyevu lilinichanganya kwa sababu lina ukweli: thina inayoruka (kugeuka mvuke) haraka huupoza uso, unyevu wa hewani ukatua juu yake na laka ikawa nyeupe. Lakini weupe wa namna hiyo kwa kawaida huondoka ukiupulizia ritada (kiyeyushi kinachoruka polepole) kidogo. Huu haukuondoka, na siku ya tatu kidole bado kilikuwa kinateleza kwa mafuta. Thina ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa.

Ujanja wake uko hapa, na ndio ulioniuma zaidi. Laka ya nitroselulosi hukauka kwa viyeyushi kuruka tu, na mafuta ya taa hayawezi kuiyeyusha. Kwenye kopo viyeyushi vya kweli bado ni vingi, kwa hiyo mkorogo unaonekana mzuri. Ukishapuliza, asetoni, kiyeyushi kimojawapo cha thina, inayochemka kwenye nyuzi 56 inatangulia kuruka. Mafuta ya taa, yanayoanza kuchemka karibu na nyuzi 150, yanabaki nyuma, na laka inakatika kama maziwa pale pale juu ya ubao. Koti jepesi kwenye kipande kidogo linaweza kuficha hayo. Kwenye mlango mzima lazima uweke koti lililolowa, la sivyo ukingo wa pito la kwanza unakauka kabla hujarudi na la pili. Hapo ndipo uchafu wote hujitokeza.

Kwa hiyo usijaribu kwenye ubao peke yake. Dondoshea thina kwenye kioo kisafi, iache iruke yote, kisha pitisha kidole: kusibaki utelezi wala harufu ya taa. Halafu changanya na laka kwa kipimo chako cha kawaida, mwaga koti nene kwenye kioo kile, kisha subiri likauke. Likiwa jeupe au na chembechembe, rudisha. Na tafadhali, msijaribu kwa kuwasha kiberiti. Hata thina nzuri inawaka vibaya, na mvuke wake unasambaa mbali.

Milango yangu nimeikwangua yote na kuipiga msasa upya, na kwenye miwili veneer (ganda jembamba la mbao la juu) imetoboka. Pesa hakurudisha, kwa madai kwamba sina risiti, risiti ambayo mwenyewe alikataa kuniandikia. Akikunyima risiti na akakataa ujaribu mbele yake, ondoka.

Kama tayari unayo thina ya namna hii nyumbani, usiitumie hata kuoshea bunduki. Mafuta yanayobaki ndani yake yatakufungulia vitobo vya duara kwenye kazi inayofuata, na utahangaika kutafuta kosa kwenye laka isiyo na kosa.