Unga wa uwele wa soko la Sabasaba: nyota nne, ya tano imeliwa na mchanga

Unga huu niliutafuta kwa sababu ya ratiba ya shule. Gari la wanafunzi linapita kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na mapumziko ni saa nne. Hapo katikati binti yangu wa darasa la pili anatakiwa asome, ahesabu, na asisinzie. Chai ya rangi na andazi havikuwa vinamfikisha mbali. Madam wake aliniambia wazi kwamba ikikaribia saa tatu mtoto analaza kichwa kwenye dawati.

Muuzaji ni mama wa Kigogo mwenye meza upande wa nafaka. Ukimwamkia "mbukwenyi" anafurahi, ingawa shikamoo ndiyo inayomlegeza kwenye bei. Hauzi unga uliokwishafungwa. Anakumwagia uwele kwenye ungo, unaushika, unaunusa, ukiridhika anapima na kijana wake anaupeleka mashine ya jirani. Unasubiri kidogo kwenye kiti cha plastiki, unga unarudi ungali wa moto. Kusaga ni shilingi 150 kwa kilo, mbali na bei ya nafaka yenyewe, ambayo hushuka baada ya mavuno na kupanda kadiri masika yanavyokaribia.

Nilimuuliza kwa nini asisage mapema akaweka kwenye pakiti kama wengine. "Mwanangu, uwele una mafuta. Unga wake ukikaa unakuwa mchungu. Mtoto ataukataa, halafu lawama ni zangu." Ana haki. Kwa hiyo nanunua kidogo kidogo, wa wiki moja au mbili, naufunga kwenye ndoo yenye mfuniko na kuuweka mahali pa baridi.

Ndiyo maana pakiti za "lishe" zenye nafaka na kunde chungu nzima, zinazokaa rafu miezi, zinanitia mashaka. Mchele, soya, maharage, karanga, vyote vimesagwa pamoja, wakati soya inahitaji moto wa muda mrefu na mchele unaiva upesi. Uji unaepuliwa soya bado mbichi, tumbo la mtoto linaunguruma hadi shuleni. Halafu karanga zikishasagwa, nani atajua zilikuwaje? Sisi wa mkoa huu hatuna ruhusa ya kulichukulia hilo kirahisi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa kwenye nafaka na karanga, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Karanga nanunua nzima, nachambua mwenyewe, iliyosinyaa au yenye ukungu inatupwa, na kuku pia hawapewi. Na pakiti moja niliyoisoma iliandikwa "huongeza akili". Kwa shilingi 5,000!

Uwele wa huyu mama hauongezi akili ya mtu. Unashibisha, na una madini ya chuma kuliko mahindi, basi. Lakini mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka na kushindwa kutulia kwenye somo, kwa hiyo hiyo "basi" si ndogo.

Kupika: unga nauvuruga kwanza kwenye maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo namimina kwenye maji yanayochemka huku mwiko hausimami. Karanga nilizotwanga naziweka mapema, zichemke pamoja na uji. Rangi yake ni ya kijivu, tena kijivu cha kukatisha tamaa, na yule mdogo wa chekechea aliukataa kwa kuutazama tu. Dawa yake ilikuwa ubuyu. Nakoroga unga mweupe wa ubuyu usiotiwa rangi wala sukari, baada ya kuepua na uji kupoa kidogo, kwa sababu vitamini C haipendi moto, na hiyo vitamini ndiyo inayosaidia mwili kunyonya chuma ya kwenye uwele. Unapata uchachu mzuri, na sukari inatosha kijiko kimoja. Msitie maziwa humo, yatakatika. Na chai ikae mbali na kikombe hiki, maana inazuia ile chuma. Mama mkwe bado hajakubaliana nami kwenye hili la chai, tunaendelea na mazungumzo.

Kilichonishangaza ni kwamba uji ulitulazimisha kupanga na usiku. Huwezi kumnywesha mtoto kikombe kizima ukimkurupusha dakika tano kabla ya honi. Inabidi aamke saa kumi na moja na nusu, anawe uso, akae mezani. Watoto wa umri wa shule ya msingi wanahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili, kwa hiyo hesabu ikanirudisha hadi saa mbili na nusu usiku: awe amelala, si anatafuta daftari. Televisheni inazimwa baada ya chakula, na baba yao anaangalia mpira kwa simu, sauti chini, ananung'unika.

Sasa madam anasema kichwa cha binti kimetoka kwenye dawati. Sitasema ni unga peke yake. Usingizi una mkono wake mkubwa hapo.

Nyota iliyokatwa ni ya mchanga. Uwele hupurwa chini, na safari moja nilisaga bila kupepeta vizuri pale mezani, uji ukawa unalia menoni. Nilipomrudia aliniongezea nusu kilo bila ubishi, lakini kupepeta bado anakuachia wewe. Nendeni mapema, kabla ya saa nne, umati ukiwa haujajaa. Omba ungo, pepeta mwenyewe, osha na uanike nyumbani ukiwa na nafasi, kisha upeleke mashine siku inayofuata. Na mwambieni kijana aendeshe mashine kwa kiganja kimoja cha uwele wenu kwanza na kukimwaga pembeni, la sivyo mnaondoka na mabaki ya mahindi ya mteja aliyetangulia.