Tathmini: ukurasa wa mishahara wa FLAG, kwa fundi sauti na video anayedhaminiwa viza ya Marekani

Fundi wa sauti na video akipokea barua ya kazi kutoka Marekani, jambo la kwanza analoangalia ni mshahara. Asiishie hapo. Aangalie pia kama mshahara huo unafika kiwango ambacho sheria ya huko inamlazimisha mwajiri kulipa. Jibu linapatikana bure kwenye flag.dol.gov, mfumo wa Wizara ya Kazi ya Marekani, katika sehemu ya kutafuta mishahara. Hufungui akaunti, hulipi senti, na simu yenye bando inatosha. Tumeupima ukurasa huu kwa kazi hii moja tu ya sauti na video, maana ndiko unakomsaidia sana mtu au kumpoteza kabisa, ikitegemea ameingia anajua nini.

Kinachotafutwa ni mshahara wa soko, yaani kiwango wanacholipwa mafundi wa kazi ileile katika eneo lilelile. Mwajiri anayemdhamini mgeni haruhusiwi kushuka chini yake, ili mgeni asitumike kuvunja bei ya wenyeji na yeye mwenyewe asipunjwe. Takwimu zinatoka kwenye utafiti wa mishahara wa serikali uitwao OEWS na zimegawanywa madaraja 4. Wapange mafundi 100 kuanzia anayelipwa kidogo kabisa: Daraja la 1 ni takriban mshahara wa yule wa 17, la 2 ni wa 34, la 3 ni wa 50 na la 4 ni wa 67. Januari 2021 serikali ilitangaza kanuni ya kuyapandisha hadi 35, 53, 72 na 90, lakini Juni mwaka huohuo mahakama ikaifuta. Mvutano huo haujazikwa, kwa hiyo soma matangazo ya ukurasani kabla ya kunakili namba yoyote.

Jambo la kwanza la kujua, ambalo ukurasa haukuambii: si kila viza inabeba ulinzi huu. Unahusu H-1B, H-2B na njia ya grini kadi kupitia mwajiri, inayoitwa PERM. Viza za O na P (za wasanii na wasaidizi wao) na L-1 (ya mfanyakazi anayehamishwa ndani ya kampuni yake) hazina kanuni ya mshahara wa soko. Fundi anayesafiri na bendi kwa O-2 au kama msaidizi wa wasanii kwa viza ya P asipoteze muda hapa. Kinga yake ni mkataba wake. H-1B nayo ni ngumu kwa kazi hii, kwa sababu inadai kazi ambayo kwa kawaida haifanyiki bila shahada ya fani maalumu, na kufunga spika na kuendesha mixa mikutanoni hakuhesabiwi hivyo. Isitoshe, tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mengi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi. Kwa fundi wa kawaida, njia zinazobaki ni H-2B kwa kazi ya muda na PERM kwa kazi ya kudumu.

Kuutumia ni rahisi. Unachagua mwaka wa mishahara, unaoanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kisha kundi la takwimu: sekta zote, au lile la vyuo vikuu na taasisi za utafiti zisizo za faida, linaloitwa ACWIA. Usiliruke hilo la pili, kwani vyuo vikuu vinaajiri mafundi wengi wa kumbi na madarasa, na mishahara yake mara nyingi si ile ya mahoteli. Kisha jimbo, kaunti na msimbo wa kazi, yaani namba ambayo serikali inaipa kila aina ya kazi. Matokeo yanatoka kwa saa na kwa mwaka kwa madaraja yote 4, pamoja na wastani mmoja ulioandikwa kuwa ni wa H-2B. Anayeelekea H-2B asome wastani huo na kuacha madaraja, kwa sababu H-2B haina madaraja. Kosa hili tunaliona mara nyingi: mtu anaona Daraja la 1, anaridhika na barua yake, kumbe kiwango kinachomhusu kiko juu zaidi.

Msimbo ndio mtihani wenyewe. Wa fundi sauti na video ni 27-4011, na unahusu kuweka, kutunza na kufungua maikrofoni, spika, kebo, mixa, kamera na skrini kwenye mikutano, matamasha, michezo na mikutano ya waandishi wa habari. Jirani zake ni 27-4014 kwa anayerekodi, kuchanganya na kuhariri sauti. 27-4012 kwa mitambo ya utangazaji. 27-4015 kwa taa. Na 49-2097 kwa anayefunga vifaa majengoni na kuvitengeneza. Kwetu mtu mmoja ndiye hao wote: asubuhi anavuta kebo, mchana anafunga projekta darini, jioni yuko kwenye mixa. Ukurasa haumuulizi anafanya nini. Unamrudishia namba ya msimbo aliochagua, basi.

Chukua sentensi mbili za majukumu. Ya kwanza: "Anaweka maikrofoni na spika, anaendesha mixa wakati wa mkutano, anafungua na kupakia vifaa." Hiyo ni 27-4011. Ya pili: "Anarekodi vipindi, anachanganya na kuhariri sauti, anakabidhi faili la mwisho." Hiyo ni 27-4014, hata kama barua imemwita fundi wa kumbi. Cheo hakihesabiki, majukumu ndiyo yanayohesabika. Kazi ikichanganya misimbo miwili, ofisi inayotoa mishahara huchukua ule unaolipa zaidi. Kwa hiyo tafuta misimbo yote inayogusa kazi yako, andika namba zote, kisha pima barua kwa ile kubwa.

Upande wa eneo, ukurasa unafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ukichagua kaunti unapelekwa kwenye eneo zima la jiji ambalo kaunti hiyo imo, hata likivuka mpaka wa jimbo. Newark na Jersey City ziko jimbo la New Jersey, lakini zimo katika eneo la New York, kwa hiyo mwajiri hawezi kudai mshahara wa "New Jersey ya kawaida" kwa ukumbi ulio huko. Kwa Las Vegas chagua kaunti ya Clark, kwa Orlando chagua Orange. Karibu na matokeo kuna namba ya kiwango cha kijiografia: 1 maana yake takwimu ni za eneo lenyewe, 2 zimechanganywa na za maeneo jirani, 3 ni za jimbo zima, 4 ni za taifa zima. Ukiona 3 au 4, jua kwamba eneo hilo halikuwa na takwimu za kutosha za kazi yako.

Fundi huyu huzunguka, na hapo mambo yanachanganyika. Kwenye PERM, kama vituo vya kazi havijulikani mapema, hesabu inafanywa kwa eneo la makao makuu ya mwajiri. Kwenye H-1B, mwajiri anaweza kumpeleka mfanyakazi eneo jingine kwa muda mfupi, siku 30 za kazi kwa mwaka, au 60 kama bado ana ofisi na makazi kwenye kituo chake cha kudumu. Zikizidi, anahitaji nyaraka mpya za eneo hilo jipya na mshahara wake. Mtu aliyesajiliwa mji wa bei nafuu kisha akawekwa miezi sita kwenye kumbi za mji ghali anapunjwa, na sheria inampa haki ya kudai.

Madaraja yana karatasi yake ya hesabu, iliyo kwenye mwongozo wa wizara wa Novemba 2009. Unaanza na pointi 1. Unaongeza pointi 0 hadi 3 kwa uzoefu, ukilinganisha uzoefu unaodaiwa na ule ambao O*NET, hifadhidata ya serikali ya maelezo ya kazi, inautaja kwa kazi hiyo. Unaongeza 1 au 2 kama elimu inayodaiwa inazidi ya kawaida ya kazi, 1 au 2 kwa ujuzi wa ziada usio wa kawaida kwa kazi hiyo, na 1 kwa kusimamia wengine ikiwa usimamizi si desturi ya kazi yenyewe. Jumla ndiyo daraja, na ikizidi 4 inabaki 4. Kinachohesabiwa ni kile kinachodaiwa na kazi, si kile ulicho nacho wewe. Fundi wa miaka 15 kwenye kazi inayodai mwaka mmoja anaweza kuwekwa Daraja la 1 kihalali kabisa.

Tuseme kanisa la Wakenya na Watanzania huko Marekani linataka fundi wa kudumu anayejua Kiswahili, ili afuate ibada na kuendesha maandishi ya skrini. Sharti la lugha ya kigeni huongeza pointi 1. Wakitaka pia asimamie vijana wawili wa kujitolea, pengine pointi nyingine. Tayari wako Daraja la 3 kabla uzoefu haujaguswa, na kwenye PERM watalazimika pia kuthibitisha kwamba lugha hiyo ni hitaji halisi la kazi. Makanisa mengi hugundua hili wakati fomu imeshatumwa. Cheti kama CTS cha AVIXA, chama cha kimataifa cha sekta ya sauti na video, ni jambo jingine: ukiweza kuonyesha kwamba ni cha kawaida kwa kazi, hakiongezi kitu.

Sasa hesabu inayowaumiza mafundi kuliko zote. Ukurasa unapata mshahara wa mwaka kwa kuzidisha wa saa mara 2,080, yaani saa 40 kwa wiki 52. Tuseme kiwango ni dola 24.50 kwa saa. Kwa mwaka ni 50,960. Barua inasema 52,000, unafurahi. Lakini ndani ya mkataba imeandikwa saa 50 kwa wiki. Saa 50 mara 52 ni 2,600, na 52,000 ukigawa kwa 2,600 unapata dola 20. Umeshuka dola 4.50 chini ya kiwango kwa kila saa, na ovataimu hujaidai bado. Daima linganisha saa kwa saa. Posho ya safari usiihesabu kama mshahara, na kwenye PERM bonasi haihesabiki mpaka iwe imehakikishwa na inalipwa kila wiki, kila wiki mbili au kila mwezi.

Kuna mahali ambapo namba zote za ukurasa huu hazina kazi: ukumbi wenye mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi. Kumbi nyingi za maonyesho ziko chini ya IATSE, chama cha wafanyakazi wa jukwaani. Kazi ikifunikwa na mkataba uliojadiliwa kwa haki, mshahara wa mkataba ndio mshahara wa soko. Omba kuona jedwali la viwango la tawi husika.

Udhaifu mkubwa wa ukurasa ni kwamba haukuambii namba yake ina nguvu kiasi gani. Kwa H-1B mwajiri anaweza kuitumia moja kwa moja. Kwa PERM na H-2B ni makadirio tu: lazima atume Fomu ETA-9141 kituo cha taifa cha mishahara na asubiri uamuzi rasmi, ambao kwa PERM huchukua miezi, si wiki. Uamuzi huo hudumu kati ya siku 90 na mwaka mmoja, na kwenye PERM mwajiri asiporidhika ana siku 30 za kuomba upitiwe upya. Serikali ya Marekani ilipofungwa 1 Oktoba 2025, FLAG yote ilizimwa na kurudi mwisho wa mwezi huo. Ukiona kila kitu kimesimama wakati kama huo, usilipe mtu anayedai ana mlango wa nyuma.

Alama zetu: 4 kwa 5 kwa anayejua msimbo wake, kaunti yake na viza yake. Kwa anayeingia na cheo tu, 2, kwa sababu ataondoka na namba safi isiyo yake. Lugha ni Kiingereza tupu, na maelezo ya madaraja yako kwenye mwongozo tofauti ambao ukurasa haukupeleki kwa urahisi.

Kuhusu pesa: Wizara ya Kazi haitozi ada kwa Fomu ETA-9141 wala kwa ombi la PERM lenyewe. Tangu Julai 2007, gharama za wakili wa mwajiri na za matangazo ya PERM ni mzigo wa mwajiri, na ni marufuku kumrudishia mfanyakazi bili hiyo. Wakala wa Dar es Salaam au Nairobi anayekudai hela ya "cheti cha kazi cha Marekani" anakuuzia kitu ambacho wewe hupaswi kukilipia. Kwenye H-2B mwajiri pia anatakiwa kukupa zana za kazi bila malipo, hivyo koleo, vipima kebo na vifaa vya usalama visikatwe kwenye mshahara.

Na jambo moja la H-2B ambalo mafundi wengi hawalijui: ukiwa nje ya Marekani, mwajiri anatakiwa kukupa nakala ya oda ya kazi, yenye mshahara, saa na kituo, si baada ya siku unayoomba viza, na iwe katika lugha unayoielewa. Unaweza kuidai kwa Kiswahili. Iweke mezani pembeni ya matokeo ya FLAG, msimbo kwa msimbo, kaunti kwa kaunti, saa kwa saa, kabla ya kwenda ubalozini.