Klampu mita ya DC kwenye hita plagi za dizeli ya zamani: uzoefu wangu

Gari langu ni dizeli ya zamani ya silinda 4, ya aina ile ambayo mafuta hupulizwa kwanza kwenye chemba ndogo ya awali, na injini za namna hiyo zikiwa baridi hutegemea sana hita plagi, yaani vijiti vya umeme vinavyopasha chemba hiyo joto kabla ya kuwasha. Kwa muda mrefu lilikuwa likiwaka kwa taabu asubuhi: starta inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi, injini inashika kwa silinda mbili huku ikitikisika, kisha baada ya muda mfupi inatulia kama kwamba haikuwa na tatizo lolote. Moshi huo mweupe ni dizeli iliyofika ndani ya silinda bila kuungua, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba mafuta yanafika na kinachokosekana ni joto. Nilinunua klampu mita, yaani mita yenye mdomo unaoubana waya kwa nje, inayopima ampea za DC (umeme wa aina ya betri), ili nijue joto hilo linapotelea wapi.

Vifaa vinavyotumiwa zaidi kwa kazi hii ni taa ya kujaribia na mita ya kawaida, na vyote viwili vinaweza kukupotosha. Hita plagi ya volti 12 ikiwa baridi mara nyingi ina ukinzani usiofika hata omu 1, ilhali nyaya za mita zenyewe zinaweza kuongeza sehemu kubwa ya kiasi hicho, hivyo mita itakuonyesha kama plagi imekatika ndani lakini haitakuonyesha kwa uhakika kama imechoka. Kupima ampea kwa mita hiyo ndiko hakuwezekani kabisa, kwa sababu tundu lake la ampea kwa kawaida huishia ampea 10, na plagi nyingi huvuta zaidi ya hapo zinapoanza kupata moto. Taa ya kujaribia nayo huvuta umeme mdogo mno, kwa hiyo itang'aa vizuri hata kama njia yote ya umeme imebakiwa na nyuzi chache za waya zilizoliwa na kutu. Klampu mita haikulazimu kukata waya wala kufungua nati: unaubana waya mnene unaotoka kwenye relei (swichi ya umeme inayozipelekea plagi umeme), unafungua swichi ya gari, na unasoma umeme wenyewe ukiwa kazini.

Anayetaka kununua ahakikishe kwanza kwamba klampu yenyewe inapima ampea za DC. Nyingi zinazotumiwa na mafundi umeme wa majumbani hupima umeme wa AC (ule wa nyumbani) tu, na kwenye betri ya gari zitasoma sifuri hata kama plagi zote ni nzima. Yangu ina kitufe cha kurudisha sifuri, na kitufe hicho lazima kibonyezwe kabla ya kila kipimo, mdomo ukiwa umefungwa bila waya ndani yake, kwa kuwa usumaku unaobaki kwenye taya huongeza au kupunguza ampea ambazo hazipo.

Kipimo cha kwanza kilinipa ampea 18 kwa plagi zote kwa pamoja, baada ya sekunde chache za kupasha. Plagi ya aina yangu ikishapata moto huvuta takriban ampea 10, kwa hiyo zikiwa 4 nilitarajia kama 40. Kwa kuwa zimeunganishwa sambamba, kila moja ikipokea umeme wake kutoka kwenye bamba moja la shaba, ampea 18 zilimaanisha kwamba karibu nusu hazifanyi kazi. (Mfumo wa plagi zilizofuatana, kama ule wa Mercedes-Benz W123 za dizeli za mwanzo, husomeka tofauti kabisa: plagi moja ikikatika, zote hunyamaza.) Nililifungua bamba na kupeleka umeme kwenye kila plagi kwa waya wake mnene uliopita katikati ya klampu. Mbili zilivuta kama ampea 10 kila moja, na mbili hazikuvuta chochote. Jaribio hilo lifanywe kwa plagi za volti 12 pekee, tena kwa sekunde chache, kwa sababu yapo magari ya zamani yenye plagi za volti 6 zinazolishwa kupitia rizista (kifaa cha kupunguza umeme), na ukiziunganisha moja kwa moja na betri utaziunguza.

Nilizifungua plagi injini ikiwa na joto, baada ya kunyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyapa muda wa kupenya. Subira hapo ni ya lazima, maana plagi ikivunjikia ndani ya silinda hedi, kazi ya saa moja hugeuka kuwa kazi ya kufungua hedi nzima.

Baada ya kufunga plagi mpya, klampu ilisoma ampea 31, na hapo ndipo kifaa hiki kilipostahili pesa yake. Gari lilikuwa limeanza kuwaka vizuri kiasi cha mtu kuridhika na kufunga boneti, lakini ampea 10 zilikuwa bado hazionekani. Nilipima volti huku plagi zikivuta umeme: kwenye betri nilipata 11.7, na kwenye bamba la shaba 8.6. Volti 3 zilikuwa zinapotea njiani. Nilipoweka ncha moja ya mita kwenye mguu mnene wa relei unaopokea umeme na nyingine kwenye mguu unaoutoa, karibu volti hizo zote zilikuwa hapo, na kifuniko cha relei kilikuwa cha moto na kunukia plastiki iliyoungua. Ndani yake vidole vya mguso vilikuwa vimeliwa na kuwa vyeusi, upande mmoja ukiwa na shimo dogo lenye ukingo wa shaba iliyoyeyuka. Bila mzigo wa plagi, relei hiyohiyo ilikuwa ikipitisha volti 12 kamili, na ndiyo maana taa ya kujaribia isingeigundua kamwe. Relei mpya ilipofungwa, klampu ilisoma ampea 42, na injini ikawaka kwa silinda zote mara tu starta ilipogusa.

Taa ya hita kwenye dashibodi haikusaidia lolote katika haya yote. Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo huongozwa na taima na joto la injini, kwa hiyo huwaka na kuzimika kwa utaratibu wake hata kama plagi zote zimekufa. Nawasihi pia wenye gari la namna hii wasitumie dawa ya kupuliza ya kuwashia injini kama njia ya kukwepa matengenezo: etha ikikutana na plagi yenye joto inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni.

Kasoro za klampu hii ninazo tatu. Mdomo wake ni mnene, hauingii kati ya bamba la shaba na injini, na ndiyo sababu nililazimika kulifungua bamba. Kioo hakina taa, nacho husomwa kwa shida chini ya boneti. Tena namba zake hubadilika polepole, hivyo ule mvuto mkubwa wa mwanzo, plagi zikiwa bado baridi, hupita kabla haujasomeka. Kwa kutafuta plagi iliyokufa hilo si tatizo, ila anayetaka kulinganisha plagi mpya na zilizochoka atafute yenye uwezo wa kushika kipimo cha juu kabisa. Kwa kazi niliyoinunulia imenitosheleza, na kwa mwenye dizeli ya umri huu ningeshauri ainunue kabla ya kununua plagi mpya.